Nyambizi ukutani: muulize kwanza aliyeichora

Swali
Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Kigamboni, nafanya kazi kwenye vivuko. Nimepanga nyumba na sebule yake ina ukuta mmoja mrefu, mtupu. Tangu utotoni napenda habari za nyambizi za mwanzo, zile za mbao na za kuzungushwa kwa mkono. Mtandaoni naona picha nyingi za kuuzwa: za bluu kama ramani za wahandisi, za kahawia kama karatasi kuukuu, moja imeandikwa 1620, nyingine 1776. Nataka nne. Nitajuaje ipi ya kweli na ipi pambo tu?
S. M., Kigamboni, Dar es Salaam

Jibu
Marahaba mwanangu, na hongera kwa nyumba. Kabla ya kushika fremu nilishika spana miaka mingi kwenye matengenezo ya meli hapa Mombasa, kwa hiyo barua yako imenigusa pande zote mbili. Nitakwambia ninachowaambia wateja wote wa picha za vyombo: kabla hujauliza bei, uliza nani aliichora, aliichora lini, na je, chombo chenyewe alikiona kwa macho yake?

Tuanze na hiyo ya 1620. Mwaka huo hutajwa kwa ajili ya Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyekuwa akimtumikia Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza. Alipitisha chombo chini ya maji ya mto Thames, London: mashua ya mbao iliyovikwa ngozi, wapiga makasia wamo ndani, makasia yametokezea kwenye matundu yaliyozibwa kwa ngozi. Watu walisimulia, wengine wakaandika, lakini hakuna mchoro wa chombo hicho wa wakati ule uliobaki. Kila picha ya Drebbel unayoiona sokoni imetoka kichwani mwa msanii wa baadaye. Ukiipenda inunue, ila usikubali kutozwa bei ya mchoro halisi.

Ya 1776 ni habari nyingine. Hapo chombo kilikuwepo na tunakijua vizuri. Kiliitwa Turtle, kilibuniwa na David Bushnell wa Connecticut wakati Wamarekani wakipigana na Waingereza kutafuta uhuru wao. Mwenyewe alikifananisha na magamba mawili ya kasa yaliyounganishwa. Ndani palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa na kazi ya watu watano: azungushe rafadha ya mbele, yaani panga la kusukuma chombo, azungushe nyingine ya juu ya kumpandisha na kumshusha, ashike usukani, akanyage valvu ya kuingiza maji akitaka kuzama, apige pampu za shaba akitaka kuibuka. Mambo yakiharibika, kulikuwa na uzito wa madini ya risasi, kilo 90 hivi, chini ya chombo ambao angeweza kuuachia. Hewa ilimtosha nusu saa tu. Taa haikuwezekana, maana moto ungemla hewa yake, basi dira na kipima kina vilitiwa kuvu la mti uliooza, lile linalong'aa gizani. Usiku mmoja wa Septemba 1776, Sajini Ezra Lee alikiendesha namna hiyo mpaka chini ya manowari ya Kiingereza iitwayo Eagle, bandarini New York, aitoboe na kuifungia baruti. Parafujo ya kutobolea haikushika. Akarudi salama, na manowari ikabaki nzima.

Sasa picha yake. Ile inayouzwa kila mahali, chombo kimepasuliwa ubavu ukamwona mtu ameketi ndani na mikono iko kwenye mitambo, ilichorwa mwaka 1875 na Luteni Francis Barber wa jeshi la majini la Marekani. Hesabu mwenyewe: karibu miaka mia baada ya tukio. Barber alikuwa na maelezo ya maandishi tu, na pale maelezo yalipoacha pengo aliliziba kwa mazoea ya karne yake. Itazame rafadha aliyochora: ni msokoto mrefu kama ule wa mashine ya kusagia nyama. Bushnell, alipomwandikia Thomas Jefferson mwaka 1787, alieleza kasia lililotengenezwa kwa kanuni ya parafujo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na fundi yeyote wa bandarini atakuonyesha tofauti hiyo kwa kidole. Hata hivyo mimi picha hiyo naipenda na ningeitundika. Ina uhai. Ila chini yake ningeandika 1875, na mgeni akiuliza, ningemweleza kwa nini.

Ukitaka mkono wa mbunifu mwenyewe, tafuta michoro ya Robert Fulton. Huyu Mmarekani alikuwa mchoraji kabla hajawa mhandisi; alikwenda London kujifunza kazi ya rangi na burashi kwa Benjamin West, na akaishi kwa kuchora sura za watu. Ndiyo maana michoro yake ya mitambo imetulia hivyo, mstari haukimbii wala hausiti. Nyambizi yake Nautilus iliundwa Ufaransa mwaka 1800, mabati ya shaba juu ya mataruma, yaani mbavu, za chuma, na ilikuwa na tanga la kukunjwa: juu ya maji inakwenda kwa upepo, chini inakwenda kwa rafadha ya mkono. Mwanzoni aliwasha mshumaa ndani. Alipoona unamaliza hewa alitia kidirisha cha kioo kinene juu, kikamtosha kusomea saa. Mwanangu, wewe unayeshinda baharini utaona haraka jinsi lile tanga lilivyochorwa na mtu anayejua kamba inapita wapi. Huo ndio mchoro ambao ningeuchapa mkubwa kuliko yote ukutani kwako.

Ya tatu ni ya H. L. Hunley, na hapa nataka tukae kidogo.

Hunley ni nyambizi ya kwanza iliyozamisha manowari vitani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Usiku wa 17 Februari 1864, nje ya bandari ya Charleston, ilichoma bomu lililofungwa kwenye mti mrefu wa chuma ubavuni mwa meli Housatonic, ikaizamisha. Mabaharia watano wa meli walikufa. Nyambizi nayo haikurudi, na watu wake wote wanane walikufa. Kabla ya hapo ilikuwa imeshaua katika majaribio: watano Agosti 1863, kisha wanane Oktoba, akiwemo Horace Hunley mwenyewe aliyepewa chombo jina lake. Watu saba waliketi kwenye mstari mmoja wakizungusha mtaimbo uliopinda, wa nane akishika usukani. Jumla ya waliofia ndani yake ni 21.

Desemba 1863, baada ya ajali ya pili na kabla ya safari ya mwisho, askari mchoraji Conrad Wise Chapman alikikuta chombo kimepandishwa nchi kavu, akakichora. Akatoa picha ndogo ya rangi za mafuta, leo ipo kwenye jumba la makumbusho huko Richmond, Virginia. Mlinzi amesimama kando, chuma cheusi kimelala juu ya magogo, nyuma yake anga na maji. Basi. Hakuna mashujaa wala moshi.

Miaka karibu arobaini baadaye, William Alexander, mmoja wa mafundi walioijenga, alieleza kwa kumbukumbu jinsi ilivyokuwa, kwamba ilitokana na bwela la mvuke lililorefushwa. Kutokana na maelezo yake ikatoka michoro ya chombo kizito kama pipa, na ndiyo iliyoingia vitabuni karne nzima. Mwaka 1995 chombo kikagunduliwa chini ya mchanga, na tarehe 8 Agosti 2000 kikainuliwa. Kumbe ni chembamba, laini, chenye urefu wa mita 12 hivi, kimeundwa tangu mwanzo kwa kazi ile, na ule mti wa bomu umefungwa chini ya omo, wala hauko juu kama walivyozoea kuuchora. Picha ya Chapman ndiyo iliyokaribia umbo lake. Fundi aliyekijenga alipotezwa na miaka. Mchoraji aliyesimama mbele yake akiwa na penseli hakupotezwa. Kwa hiyo ukikutana na Hunley yenye umbo la pipa, jua inatoka upande gani.

Lakini siwezi kukuuzia picha hiyo nikanyamaza. Waliokiunda chombo hicho walikuwa wakiupigania upande wa kusini wa Marekani, uliotaka utumwa uendelee, na Charleston ilikuwa moja ya bandari kubwa walikoshushwa Waafrika. Sisi wa pwani hii tuna jamaa zetu waliopitia njia kama hizo. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukimtundika Chapman, kando yake umtundike Robert Smalls. Alikuwa mtumwa, rubani wa meli katika bandari hiyohiyo ya Charleston. Alfajiri ya 13 Mei 1862 aliichukua meli Planter wakati maofisa wazungu wamelala mjini, akampakia mkewe, watoto na wenzake, akavaa kofia ya nahodha, akapita mbele ya ngome akipiga king'ora cha ishara sawasawa, mpaka akaikabidhi meli kwa upande wa kaskazini. Baadaye akawa mbunge. Gazeti la Harper's Weekly lilichapa sura yake na picha ya meli hiyo Juni 1862, na kwa umri wake picha hiyo haina tena mwenye haki ya kuikataza. Chapa zote mbili kwa ukubwa mmoja.

Ya mwisho ni ya John Philip Holland, mwalimu wa shule kutoka Ireland aliyehamia Marekani mwaka 1873. Ndiye aliyepata dawa ya tatizo la wote hao wa mbele yake: injini ya petroli juu ya maji, mota ya umeme wa betri chini ya maji, na mabawa nyuma ya kukielekeza chombo kipige mbizi kikiwa kwenye mwendo. Jeshi la majini la Marekani lilinunua nyambizi yake Aprili 1900 kwa dola 150,000. Kwake una chaguo mbili nzuri: picha ya kamera akiwa amesimama kwenye tundu la kuingilia, kofia nyeusi ya mviringo kichwani, au michoro ya hataza zake, zile hati za serikali za kulinda uvumbuzi. Michoro ya hataza ilichorwa kwa sheria kali za ofisi ya hataza, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo hata ukiikuza inabaki kali. Hiyo bluu uliyoiona mtandaoni imetiwa na wauzaji kwa kompyuta, na ile kahawia ya karatasi kuukuu pia. Chukua nyeusi na nyeupe.

Umeniomba nne, nimekupa tano, kwa sababu Chapman na Smalls hawaachani. Kuhusu kuchapa: michoro ya hataza na nyingi za karne ya kumi na tisa hupatikana bila malipo kwenye maktaba za umma mtandaoni. Tazama ukubwa wa faili kabla ya kwenda kwa mchapaji. Kwa karatasi ya A2, pikseli 2480 kwa 3508 zinatosha kutazamwa toka kwenye kochi. Kwa mchoro wenye mistari myembamba kama wa Fulton, tafuta mara mbili ya hapo kila upande. Na usichape michoro ya mistari kwenye turubai. Nyuzi za turubai zinakula mstari mwembamba, na uzuri wote wa mchoro uko hapo.

Swali
Fundi, habari za kazi. Nafundisha fizikia sekondari. Maabara yetu ina kuta nne zisizo na kitu na bajeti yetu ni ndogo sana. Kama ningeweza kuweka picha moja tu ya nyambizi za zamani, ungeniambia ipi?
Mwalimu, Tanga

Jibu
Salama, Mwalimu. Weka Brandtaucher ya Wilhelm Bauer, ile ya kukatwa ubavu. Huhitaji nyingine.

Bauer alikuwa askari Mjerumani. Aliiunda Kiel mwaka 1850, wakati wa vita na Denmark, chombo cha chuma cha mita 8 kilichosukumwa na watu wawili wakizungusha magurudumu. Pesa zilipungua. Wakapunguza unene wa mabati, wakaondoa matangi ya maji, maji ya kuzamia yakawa yanaingia tu na kutembea chini ya sakafu. Muulize nahodha yeyote hapo Tanga nini hutokea ngama ikijaa maji yasiyo na mpaka: chombo kikiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande huo na kukiinamisha zaidi. Tarehe 1 Februari 1851 ndivyo ilivyokuwa. Chombo kiliinamia tezi, maji yakakimbilia tezi, kikaenda chini mpaka kwenye tope, Bauer akiwa ndani na wenzake wawili, seremala na mpiga makaa.

Hapo ndipo somo lako linapoanza. Wenzake walitaka kufungua mlango. Haufunguki. Waachie wanafunzi wapige hesabu: kwa kina cha mita 10, kila mita mraba ya mlango inakandamizwa na maji ya uzito wa tani 10. Mlango wa nusu mita mraba ni tani 5. Nani atausukuma? Bauer akawaambia kinyume cha kila walichotaka kusikia: tufungue maji yaingie. Maji yakipanda ndani, hewa iliyobaki inabanwa, na shinikizo lake linakua mpaka lilingane na la nje. Hapo mlango utakuwa mwepesi. Iliwabidi wakae saa kadhaa gizani, maji ya Februari yakipanda miilini, wenzake wakimwona amerukwa na akili. Shinikizo lilipolingana mlango ulifunguka, na hewa iliyobanwa ikawatoa juu. Wote watatu walipona.

Sheria ya Boyle, kwamba hewa ikibanwa shinikizo lake hupanda, wanafunzi huikariri wakaisahau baada ya mtihani. Hii hawataisahau. Na chombo chenyewe bado kipo: kiliopolewa mwaka 1887, leo kimewekwa kwenye jumba la makumbusho ya kijeshi Dresden, kwa hiyo michoro yake inaweza kulinganishwa na chuma chenyewe.

Kwa bajeti, usinunue kabisa. Wape wanafunzi karatasi ya manila, projekta kama ipo, au waikuze kwa miraba. Waichore wao, wapake maji kwa rangi ya bluu na hewa iachwe nyeupe, mara tatu: chombo kinaelea, kimezama, mlango umefunguka. Fremu nitumie vipimo, mabaki ya mbao ninayo. Utalipia usafiri tu.

Swali
Assalamu alaykum kaka yangu. Mume wangu anapenda nyambizi na anataka kuzijaza chumba cha wavulana wetu, na zote ni za vita. Mimi sitaki watoto walale wakitazama mabomu. Je, hakuna nyambizi iliyoundwa kwa heri?
Mama wa wavulana wawili, Nyali

Jibu
Wa alaykum salaam dada yangu. Ipo, na kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote.

Narcís Monturiol alizaliwa Figueres, Uhispania, mwaka 1819. Alikuwa mwandishi na mchapishaji, mtu aliyeamini undugu wa binadamu, na serikali haikumpenda kwa hilo. Akiwa Cadaqués, kwenye pwani ya Bahari ya Kati, aliwaona wapiga mbizi wa marijani wakifanya kazi, na akamwona mmoja wao akifa maji. Akaamua kuunda chombo ambacho mvuna marijani ataketi ndani yake, apumue, afanye kazi, arudi kwa watoto wake. Hakuwa mhandisi. Alijifunza.

Chombo cha kwanza, Ictíneo, kilishushwa majini Barcelona mwaka 1859. Urefu wake mita 7. Mwili ni wa mbao za mzeituni na mwaloni, juu yake bati jembamba la shaba. Dada, hapa kwetu tunajua kuunda vyombo, lakini nikiutazama mchoro wake wa mkato nasimama: umbo la samaki, mwili wa ndani unaobeba shinikizo umetengwa na ngozi ya nje inayopasua maji. Nyambizi za baadaye zilikuja kutumia ganda mbili vivyo hivyo. Mwaka 1862 kiligongwa na meli ya mizigo kikiwa kimefungwa bandarini, kikavunjika. Watu wa kawaida wa Uhispania na Cuba wakamchangia pesa, akaunda cha pili, mara mbili kwa urefu, kikashuka mwaka 1864. Mikono ya watu ikawa haitoshi kukisukuma, naye akabuni injini ya mvuke isiyotaka hewa ya nje: mchanganyiko wa kemikali unaotoa joto la kuchemsha maji, na hapohapo unatoa oksijeni ya watu kupumua. Hiyo ilikuwa 1867. Kisha fedha zikaisha, wadai wakaja, na mwaka uliofuata chombo kikauzwa kama chakavu. Kila nikifika hapo naumia. Leo mfano wake wa ukubwa kamili umesimama bandarini Barcelona.

Kwa wavulana chapa mchoro wa mkato wa Ictíneo wa pili, uwe mpana, uutundike juu ya vitanda vyote viwili. Kuna madirisha ya mviringo, kuna injini, kuna mahali pa watu kuketi. Watapata cha kutazama kila usiku. Na kama mume wako atataka nyingine, mpe Argonaut ya Simon Lake, Mmarekani, ya mwaka 1897. Ile ilikuwa na magurudumu. Ilitembea juu ya sakafu ya bahari, na mbele ilikuwa na chumba ambamo hewa ilibanwa mpaka ilingane na maji ya nje, mlango wa sakafuni ukafunguliwa, mpiga mbizi akatoka kuokota vitu vya meli zilizozama. Hakuna mtoto wa kiume asiyetaka gari la namna hiyo.

Swali
Assalamu alaykum Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat. Picha zote za nyambizi ninazoziona ni za Wazungu. Ukumbi wangu una mazulia na maandishi ya Kiarabu, michoro ya mashine haitakaa vizuri. Kuna chochote cha upande wa Mashariki?
Mpenzi wa bahari, Muscat

Jibu
Wa alaykum salaam warahmatullah. Kipo, tena cha dhahabu.

Kisa cha Iskandar, yule Aleksanda Mkuu, kuteremshwa baharini aone maajabu ya chini kilisimuliwa kwa karne nyingi, Mashariki na Magharibi. Amir Khusrau wa Delhi alikitia kwenye mashairi yake ya Kifarsi, na mwaka 1597 hadi 1598, huko Lahore, nakala ya mashairi hayo ikapambwa kwa picha. Moja wapo inamwonyesha Iskandar ndani ya chombo cha kioo, mashua zimemzunguka, kamba zinamshusha. Wataalamu wanasema ni mkono wa mchoraji Mukunda. Ipo Metropolitan Museum, New York, na jumba hilo tangu 2017 limeruhusu picha zake zisizo na haki miliki zipakuliwe na kuchapwa bure, kwa ukubwa wa kutosha. Ni ukurasa wa kitabu, kwa hiyo usiikuze ikawa bango. Iache karibu na ukubwa wake, uizungushie kadi pana ya rangi ya maziwa, fremu nyembamba ya mbao nyeusi. Taa ndogo kando, si juu yake moja kwa moja.

Na kama siku moja utataka chuma: dola ya Uthmaniya, ya Waturuki, ilinunua nyambizi mbili za kampuni ya Nordenfelt, zikasafirishwa vipande na kuunganishwa Istanbul. Moja, iliyoitwa Abdülhamid, ilishushwa majini mwaka 1886, na inahesabiwa kuwa ya kwanza duniani kurusha topido ikiwa chini ya maji. Picha zake za kamera zipo. Ni za kijivu na zina chembechembe. Zinafaa ukumbini kwa mtu mwenye subira ya kutazama.

Swali
Fundi, picha niliyonunua mwaka jana imefanya mawimbi na madoa ya kahawia. Nyumba yetu ni ya mawe, karibu na maji. Nifanyeje?
Lamu

Jibu
Hayo madoa ni kuvu, na ukuta wa mawe ya matumbawe ndio unaoilisha kwa unyevu. Ishushe leo. Toa karatasi kwenye fremu uianike kivulini penye upepo, usiianike juani. Brashi laini kavu itaondoa poda ya juu. Doa lililoingia ndani haliondoki, na ukilitia dawa ya kufulia utaharibu karatasi nzima.

Ukiirudisha, hakikisha kioo hakigusi karatasi: kata kadi nene yenye dirisha katikati, ile isiyo na asidi, ikae baina yao. Nyuma usiweke hadibodi peke yake, inavuta maji. Tanguliza kadi ileile. Ziba ukingo wa nyuma kwa utepe wa karatasi. Misumari na skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya Lamu haina huruma. Halafu gundisha vipande viwili vya kizibo au mpira pembe za chini nyuma ya fremu, unene wa sentimita moja, ili upepo upite kati ya picha na ukuta. Usiitundike kwenye ukuta wa bafu wala ule unaopigwa na mvua za kusi. Na utakapochapa nyingine, mwambie mchapaji unataka wino wa pigmenti kwenye karatasi ya pamba. Bei yake iko juu, ila ile ya kawaida kwa hewa yetu itapauka mapema na utarudi kulipa tena.